Raba Iliyopimwa kwa Bua la Mpunga

Wewe unayeumwa miguu na umeambiwa ukanunue raba, kaa chini kwanza. Usimtume mtu. Mimi nilimtuma mtu, akaenda mnadani na bua la mpunga mkononi, na leo mguu wangu wa kushoto una vidole vitatu.

Nitawataja kwa majina, maana kila nikisimulia haya watu huniambia, "Ni mapenzi ya Mungu, mama Editha." Mungu hakuuza viatu pale mnadani. Aliyeuza ni Fulgensi. Aliyenunua ni Ponsiano, mume wangu wa ndoa. Aliyenisukuma ni wifi yangu Tekla. Na yuko wa nne, huyo ndiye mbaya kuliko wote, nitamfikia.

Yalianza wakati wa mavuno. Shamba letu liko Michenga, na mavuno yakifika tunahamia huko huko, tunalala kwenye dungu mpaka mpunga uishe kupigwa. Asubuhi moja nikashuka, nikakanyaga chini, kisigino cha kushoto kikachoma kama nimekanyaga msumari uliotoka motoni. Nikashika nguzo ya dungu. Nikatembea hatua kumi, ishirini, kikalegea. Nikasema ni uchovu. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Ikawa kila asubuhi ile hatua ya kwanza naiogopa kabla sijaamka vizuri.

Sukari ninayo tangu binti yangu Editha alipomaliza darasa la saba. Vidonge nakunywa, kadi ninayo. Mwaka mmoja kabla ya hicho kisigino, vidole vyangu vya miguu vilikuwa vinawaka kama nimevipaka pilipili, hata shuka likivigusa nataka kulia. Kisha vikanyamaza. Vikanyamaza kabisa. Nikamshukuru Mungu, nikasema angalau hivi vimepona. Sikumwambia mtu yeyote. Nani anakwenda hospitali kusema kwamba mahali fulani hapaumi?

Kiangazi kilipoingia tukarudi nyumbani Ifakara, nikaenda kliniki. Kliniki ya sukari ni Jumanne, na sisi pale hatupangi foleni kwa kusimama, tunapanga kwa ndala. Ukifika unavua ndala moja, unaiweka barazani nyuma ya ndala ya mwenzio, wewe unakwenda kukaa kivulini. Ndala zikisogezwa, nawe unajua umesogea. Ukitazama utacheka na utahuzunika: watu wenye miguu mibovu, wote wanatembea mguu mmoja pekupeku, ili wasipoteze zamu. Nimekaa kwenye baraza ile miaka. Najua hata mahali sakafu ilipopasuka na mchwa wanapotokea.

Zamu yangu ikafika. Wakapima damu, wakaandika. Daktari kijana, mpole, ana watu wengi nyuma yangu. Akaniuliza kama kuna shida nyingine. Nikasema kisigino. Akasema, "Mama, mwili umezidi. Fanya mazoezi, tembea haraka haraka kila siku. Na hicho kisigino tafuta raba yenye soli laini. Achana na ndala." Maneno mazuri. Sina ugomvi na maneno yale. Ila miguu yangu muda wote huo ilikuwa chini ya meza, na hakuna aliyeinama.

Nikakosea kumsimulia Tekla. Huyu ni dada yake Ponsiano, anakaa Lumemo, na ni katibu wa kikundi cha jogging. Jumamosi alfajiri wanakimbia barabarani na filimbi, fulana za njano, wanaimba mpaka mbwa wote wanabweka. Alikuja Jumapili baada ya ibada, hata maji hajanywa.

"Wifi, Jumamosi unaingia kwetu."

"Na kisigino hiki?"

"Kisigino kinataka kukimbizwa. Ukikibembeleza kinadeka."

"Nikimbie na ndala?"

"Ndala! Tupige picha na ndala? Tafuta raba, wifi. Fulana nimeshakuandikia."

"Njano, na weusi huu wangu?"

"Ndiyo vizuri, hata mwenye mtoto wa jicho atakuona."

Ponsiano alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Kumbuka hilo, kwamba nilicheka.

Siku ya mnada kisigino kiliamka vibaya. Mnada uko mbali, na kutoka kitandani mpaka mlangoni nilikuwa nashika ukuta. Ponsiano akasema atakwenda yeye. Basi akanipima. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya, mtu asiyeweza kwenda mnadani anapimwa kwa bua. Unaweka bua chini ya mguu, kuanzia kisigino, unalikata pale kidole gumba kinapoishia. Mwenye bua anakwenda, analichomeka ndani ya kiatu. Likienea, kiatu ni chako. Marehemu baba alikuwa akienda na mabua sita mfukoni, kila moja limefungwa uzi wa rangi yake, la kila mtoto, na hakuwahi kukosea. Nimekua navaa viatu vya bua. Ponsiano alinipima ningali kitandani, mguu umenyooka, haujabeba uzito, umenywea kama miguu inavyonywea asubuhi. Akalikata kwa meno, akaondoka na baiskeli.

Alirudi mchana na raba nyekundu zenye mistari myeupe. Nzuri, siwezi kusema uongo. Zilisuguliwa na dawa ya meno mpaka soli inameta. Ponsiano akawa anasimulia kwa furaha, Fulgensi kasema hivi, Fulgensi kasema vile.

"Kasema zimetoka kwenye belo la mitumba juzi tu. Soli ina hewa ndani, mgonjwa anatembea kama anakanyaga mkate."

"Bua lilienea?"

"Lilienea kama limezaliwa humo."

Nikavaa. Mguu wa kulia ulibana kidogo pembeni, nikalalamika, tukalegeza kamba. Wa kushoto haukusema neno. Nikasema huu wa kushoto ndio umenipenda.

Na Jumamosi ile, msomaji wangu, kisigino hakikuuma. Nilikimbia kutoka Lumemo mpaka njia inayokwenda darajani, nimejaa jasho, mwanamke wa umri wangu, natweta kama mashine ya kukoboa, na kisigino kimya. Nililia kidogo, nikajifanya nafuta jasho. Tekla akapuliza filimbi akapaza sauti, "Mnamwona wifi yangu!" Sijawahi kufurahi hivyo tangu niolewe. Ndiyo maana nina uchungu. Kama zingeniumiza siku ile, ningezitupa.

Jumamosi ya tatu nilirudi, nikakaa kwenye kizingiti, nikawa navua. Editha alikuwa anachambua mchele.

"Mama, umekanyaga rangi?"

"Rangi gani?"

"Soksi yako."

Ilikuwa imelowa, na imegandia. Tukaivua kwa maji. Chini ya kidole gumba, kuelekea kwa mwenzake, kulikuwa na tundu ambalo punje ya hindi ingekaa ikatulia. Nikalibonyeza. Hakuna kitu. Kama nabonyeza mguu wa mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipopaswa kwenda hospitali. Editha alisema twende, naandika ili ajue nakumbuka. Mimi nikamtuma duka la dawa akalete vidonge vile vya rangi mbili, nikavipasua, nikamwagia unga wake kwenye tundu, nikafunga kitambaa. Kidonda kisichouma mtu hukiheshimu kidogo. Isitoshe kikundi kilikuwa kimealikwa Mchombe, Jumamosi inayofuata, vikundi vingi, mbio na kuvuta kamba.

Nilimwambia Tekla nina kijidonda.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Sasa kidonda hakiumi unakitangaza cha nini? Usituangushe, wifi, mistari imeshapangwa."

Nikaenda. Mvua za kwanza zilitukuta njiani, raba zikalowa, nikakimbia na maji ndani yake, nikavuta kamba, nikashinda na wenzangu, nikarudi na raba zile zile mguuni mpaka jioni.

Wiki iliyofuata nyumba ikaanza kunuka. Ponsiano akasema panya kafia ndani. Akahamisha magunia, akainua kitanda, akatazama darini. Editha akapiga deki mara mbili kwa siku. Nami nikawa nawaelekeza nimekaa kwenye kiti, tazama kule, tazama nyuma ya kabati. Tulimtafuta yule panya siku mbili. Siku ya tatu nikatetemeka kwa homa, Ponsiano akaja kunifunika miguu, akasimama hapo hapo na shuka mkononi. Akatoka nje kutafuta usafiri.

Hospitali kuna mama mmoja mtu mzima, muuguzi wa chumba cha vidonda. Jina lake silitaji kwa sababu hapa nataja wabaya. Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeinama. Alipiga magoti kwenye sakafu, akaweka mguu wangu kwenye paja lake, akafungua kitambaa taratibu, pua yake hapo hapo, hakugeuza uso. Nililia kwa hilo tu. Kisha akauliza, "Ulivaa nini?" Ponsiano alikuwa kazileta raba kwenye mfuko. Yule mama akaichukua ya kushoto, akaingiza mkono mpaka ndani, akatulia kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku. Akang'oa kile kitambaa cha ndani kinachokanyagwa. Chini yake kulikuwa na fundo.

Soli ilikuwa imeachama, ikashonwa kuzunguka kwa uzi wa nailoni, na fundi alipomaliza akaichoma ncha ya uzi kwa moto ili isifumuke. Nailoni ikichomwa inakuwa kama jiwe. Lilikuwa fundo dogo kama punje ya mchele. Juu yake wakabandika kitambaa cha kiatu kingine, mambo yakaisha. Maneno yote yale ya hewa na mkate, na chini yake jiwe.

"Hukusikia?" yule mama akaniuliza.

"Sikusikia."

"Tangu lini husikii huku mbele?"

Nikahesabu. Nikamwambia tangu mwaka jana. Ponsiano alikuwa mlangoni. Nilimwona akinitazama, kisha akatazama chini.

Wakasema tusubiri tuone kama ubovu utaishia vidoleni au utapanda. Hicho ndicho kitu cha kusubiri nilichopewa: mguu wangu. Kila asubuhi daktari wa zamu anakuja na kalamu, anachora mstari pale wekundu ulipofika, kesho anatazama kama umevuka. Nililala pale natazama mstari wa wino. Kitanda cha jirani kulikuwa na bibi Mpogoro aliyekatwa juu ya goti, kila nikiamka ananiuliza, "Umevuka?" Nikisema umevuka anasema, "Ehee," basi. Nikisema haujavuka anasema, "Ehee," vile vile. Nilimpenda kuliko wote waliokuja kunipa moyo.

Walikata kidole gumba na kinachofuata. Mstari ukasimama.

Kulikuwa ni wakati wa kupandikiza. Mvua inapiga bati la wodi, na mimi najua Michenga maji yamejaa majaruba, miche inazidi umri kitaluni. Ponsiano alipanda peke yake, akaishia nusu. Asubuhi alikuwa analeta uji, anauweka, anasimama. Kiti kipo, hakai. Siku moja nikamwambia mbele ya watu, "Mkono ulikuwa nao, Ponsiano. Kwa nini hukuingiza mkono?"

Akajibu polepole, "Bua liliingia."

Sikuzungumza naye siku nne. Uji nikanywa.

Tekla alikuja na kikundi kizima, fulana za njano zimezunguka kitanda kama vifaranga, wakapiga picha. Akasema, "Ukipona wifi, tutakuweka mbele ushike bendera." Nikageukia ukutani. Baadaye alianza kuja peke yake, bila fulana, anachukua kanga zangu chafu anakwenda kuzifua, anarudisha zimekunjwa. Hajawahi kuomba radhi. Alifua mpaka nikatoka. Hilo naliandika, ingawa silipendi.

Masika yote nilikuwa mtu wa kusafishwa kidonda. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ponsiano ananibeba kwenye keria ya baiskeli, mguu umefungwa mfuko wa plastiki usilowe, matope mpaka kwenye ekseli. Miti ya njiani naijua yote. Nyama ikaanza kuota kutoka pembeni, nyekundu, taratibu. Baadaye Ponsiano akafundishwa kufunga bandeji, akawa ananifunga nyumbani kwa vidole vyake vinene. Watu wanasema maradhi huwaunganisha watu. Sisi yalitufanya tuwe na adabu, kama wageni.

Mavuno yalipofika ngozi ilikuwa imeziba. Wakaniambia sasa nitafute viatu vingine, maana pekupeku nimekatazwa mpaka kufa, na ndala sitavaa tena. Ndala inashikwa na gumba na mwenzake, na kwangu wote wawili hawapo. Ulishawahi kufikiri hivyo? Mimi sikuwa nimefikiri.

Safari hii nilikwenda mnadani mwenyewe, jioni, mguu umeshavimba kwa kazi za siku nzima, maana mguu wa jioni ndio mguu wa kweli. Nilikwenda na fimbo, na raba nyekundu kwenye mfuko. Fulgensi alikuwa kapanga viatu vyake juu ya turubai.

"Shikamoo, mama. Karibu, chagua."

"Marahaba. Unaikumbuka hii?"

"Mama, nauza vingi."

"Ingiza mkono."

Akanitazama, akatazama fimbo, akatazama mguu. Akaingiza. Nilimwona alipoligusa, macho yalisimama. Majirani zake wakaacha kupiga kelele.

"Ulishona wewe?"

"Nilishona," akasema. "Ilikuwa imeachama, mama. Ningekuuzia kinachoachama ungenilaumu pia."

"Na ukafunika."

"Nikafunika. Lakini mama, mzee alipokuja aliniambia mguu wa mkewe unauma. Nikampa soli laini kuliko zote nilizokuwa nazo. Mguu unaouma ungelisikia hilo fundo siku ya kwanza, ungenirudishia. Yeye hakuniambia kwamba mguu hausikii."

Nilikuwa nimejiandaa masika yote na matusi. Nilikuwa nayo mdomoni yamepangwa. Nikayameza yote, maana Ponsiano angemwambiaje neno ambalo hakuwa nalo? Mimi ndiye niliyekuwa nalo. Nililikalia mwaka mzima, nikaliita kupona.

Huyo ndiye wa nne. Jina lake Leonsia, mama Editha, mwenye mguu. Fulgensi sijamsamehe, alifunika anachokijua. Lakini mimi nami nilifunika.

Nilichagua viatu mpaka jua likawa jekundu. Nilikataa vizuri vyote. Nilichukua raba nyeusi za kiume, pana mbele kama kasia, za kamba, ambazo hazijawahi kushonwa. Niliingiza mkono kila moja, nikainua kitambaa cha ndani, nikapitisha vidole kwenye kila mshono, kisha nikasimama nazo zote mbili, nikatembea huku na huko. Fulgensi alisubiri. Nyumbani Editha akasema nafanana na mlinzi wa kiwanda cha sukari. Ponsiano, kwa mara ya kwanza tangu nilipolazwa, akacheka, kisha akajishika mdomo. Nikamwambia, "Cheka tu." Kila asubuhi, kabla sijavaa, anazichukua yeye, anaingiza mkono.

Kliniki nakwenda bado, Jumanne zetu. Ndala ya kuweka kwenye foleni sina, na kiatu changu siwezi kuvua, kwa hiyo naweka ile raba nyekundu. Naileta kwenye mfuko, naipanga katikati ya ndala za wenzangu. Mgeni akiuliza, namwambia ingiza mkono.

Jumanne iliyopita alikaa karibu yangu mwanamke kutoka Mchombe, rika langu, anachechemea. Kanga yake ina fundo, na kwenye fundo limechomoza bua.

"Dada, la nani hilo?" nikamuuliza.

"La kwangu. Mume wangu anakwenda mnadani kesho. Kisigino kitaniua, wameniambia nivae raba."

"Na vidole?"

"Vidole havina neno. Zamani vilikuwa vinawaka, siku hizi, namshukuru Mungu, vimetulia."

Nililichomoa lile bua kwenye kanga yake, nikalivunja vipande viwili, kisha vinne. Akashtuka, akataka kunitukana, na alikuwa na haki. Nikamwambia, "Utakachoanza kuwaambia huko ndani ni hicho cha vidole. Kabla ya kisigino. Waambie havisikii, na wakikuuliza kingine rudia hicho hicho, mpaka mtu ainame."

Ndala yake ilikuwa ya mwisho kabisa, kule sakafu ilipopasuka. Raba yangu ilikuwa imebakiza mmoja mbele. Nikaichukua raba, nikaenda na fimbo yangu mpaka mwisho wa baraza, nikainama, nikaiweka hapo, nikaichukua ndala yake, nikaja kuiweka pale ilipokuwa raba.